Malengelenge ya miguu yananitesa na Kili Marathon ndio hiyo inakuja, nifanyeje?

MtuWaMbezi

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada, hasa nyie mnaokimbia kila siku na kama kuna mtu wa afya humu ndani basi ndio itakuwa vizuri zaidi. Mimi ni mtu wa ofisini, kitambi kilianza kuniletea dharau nyumbani nikaamua kujiunga na jogging ya mtaani, Jumamosi asubuhi tunapiga mpaka Coco tunavuka daraja la Tanzanite tunageuza, mwanzoni mambo yalikuwa poa kabisa. Sasa tumejiandikisha nusu marathon ya Kili hapo mwishoni mwa Februari kwa hiyo tukaanza kuongeza kilomita na hapo ndipo shida ilipoanza. Nikifika kama kilomita 10 hivi nasikia moto kisigino cha kulia na pale chini ya kidole gumba, nikivua raba nakuta lengelenge limetuna limejaa maji. La kisigino limeshapasuka lenyewe humo humo ndani, likagandana na soksi, kuivua hiyo soksi aisee nyumba nzima ilinisikia. La chini ya kidole bado zima, ukubwa wa shilingi mia, nikikanyaga nachechemea.

Sasa nitumbue au niache? Na nifanye nini yasirudi, maana nikipona nikirudi barabarani yanatoka pale pale. Mke wangu anasema niyaache ngozi itakomaa yenyewe, kwenye grupu letu kuna jamaa anasema nipake mafuta ya taa. Raba ni mtumba wa Karume, nzuri tu haijaisha soli, soksi ni hizi za pamba za kawaida. Na tafadhali msinijibu "acha kukimbia" hela ya kujiandikisha nimeshatoa 😂

Kidevu

Mkuu hapo ni kutumbua tu kama Magufuli na majipu yake enzi zile, hakuna huruma. Chukua wembe, fungua, toa hiyo ngozi yote ya juu, paka dawa ya meno usiku, asubuhi pamekauka. Sisi tumekua hivyo na miguu tunayo.

NesiWaZamu

Kidevu kaka yangu, hii ndio sababu hatumalizi foleni pale dirishani 😅 Lile lilikuwa jipu, hili lengelenge, ndani hakuna uchafu wa kutoa.

MtuWaMbezi pole sana. Nianze na hilo ambalo bado zima. Hayo maji ni majimaji ya mwili yanayojikusanya baada ya tabaka za ngozi ya juu kuachana kwa sababu ya kuvutwa huku na huku, na ile ngozi iliyobaki juu ndio bandeji bora kuliko yoyote utakayonunua. Likiwa dogo na haliumi usiliguse kabisa, funika tu lisisuguliwe, mwili utayanyonya hayo maji wenyewe na ngozi mpya itaota chini yake ndani ya siku chache. Lakini la kwako ni kubwa, liko unapokanyagia, na unachechemea, hilo ukiliacha litapasuka tu ukiwa njiani na litachanika vibaya. Kwa hiyo hilo litoe maji, ila taratibu. Nawa mikono kwa sabuni, osha na mguu, chukua sindano mpya ya famasi iliyofungwa (hata ile pini ya nguo hapana, achana nayo), pasafishe pale juu kwa spiriti wakati ngozi bado nzima, halafu toboa pembeni, chini kwenye ukingo, matundu mawili matatu madogo, usitoboe katikati. Kamua taratibu kwa gozi safi (kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda) mpaka lilale. NGOZI IACHE. Paka mafuta ya mgando kidogo, weka gozi isiyonata, funga na plasta. Likijaa tena kesho unarudia vile vile, ni kawaida.

La kisigino ambalo limeshachanika, osha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni ya kawaida, kile kipande cha ngozi kama bado kipo kirudishe kilale mahali pake, kata tu zile ncha chafu zilizokufa kabisa. Hapo spiriti usimwage maana ni nyama mbichi, utaona nyota mchana na haitakusaidia chochote, inaunguza hata hizo seli zinazojaribu kupona. Mafuta ya mgando, gozi, badilisha kila siku au kila ikilowa. Dawa ya meno, majivu, mafuta ya taa, vitunguu, vyote hivyo wekeni jikoni.

Utakimbilia hospitali ukiona wekundu unasambaa kuzidi pale palipo na kidonda, pamoto, panatoa usaha, homa, au mstari mwekundu unapanda mguuni, au mtoki umevimba kwenye kinena. Hapo usisubiri Jumatatu.

Kidevu

Sawa dada nesi nimekaa chini. Ila kusema kweli lengelenge tu limuue mtu?

Mtafiti_Uchwara

Kidevu limeshawahi kuua tena mtoto wa ikulu. Mwaka 1924 mtoto wa rais wa Marekani, Calvin Coolidge mdogo, kijana wa miaka 16, alicheza tenisi pale White House amevaa raba bila soksi, akapata lengelenge kwenye kidole cha mguu. Likaingia bakteria, wakaingia kwenye damu, ndani ya siku chache Julai 7 akafariki, na madaktari wote wa nchi ile walikuwepo. Penisilini ilikuja kugunduliwa 1928. Leo dawa zipo, ila dawa inamsaidia anayekwenda hospitali, sio anayepaka dawa ya meno.

KuruTuWaZamani

Mleta uzi, mimi nitakuambia la JKT. Kule kuna mchakamchaka asubuhi na buti ambalo hujalichagua, unapewa unavaa, na baada ya hapo kuna matembezi marefu na begi mgongoni. Wiki za mwanzo kila mtu anatembea kama bata. Afande mmoja wetu alikuwa na msemo wake, kwamba miguu mikavu haigombani na kiatu, na kweli usiku alikuwa anakagua miguu kama anavyokagua bunduki. Tulichofundishwa ni kuvaa soksi mbili, ya ndani nyembamba ya naironi imeshika mguu, ya nje nene, ili soksi zisuguane zenyewe kwa zenyewe na ngozi ipumzike. Mapumziko yoyote unavua buti, unapepea mguu, unageuza soksi au unabadilisha kama unayo nyingine. Kuna waliokuwa wanasugua sabuni kavu ya mche kwenye soksi pale kisigino, inateleza vizuri, ila ikilowa sana inakuwa balaa kwa hiyo hiyo siisemei.

Na hizo soksi zako za pamba ndio mchawi wako. Pamba inakunywa jasho halafu inalikumbatia hailiachii.

MtuWaMbezi

Asanteni sana wakuu, dada nesi Mungu akubariki, nimefanya kama ulivyosema hilo la chini limelala na maumivu yamepungua kabisa yaani nashangaa. KuruTuWaZamani hizo soksi mbili si kiatu kitabana? Maana hii raba kidole kikubwa kinagusa mbele nikishuka mteremko, na kwa nyuma kisigino kinapanda panda. Nilinunua asubuhi nikaijaribu nimekaa kwenye benchi la muuzaji ikaonekana inanitosha.

GaidiWaMweka

Hapo ndipo penyewe. Mbele kinabana nyuma kinacheza, hiyo raba haijakukaa, hata uvae soksi za dhahabu.

Mimi ni gaidi wa mlima, yaani muongoza wageni Kilimanjaro, niko Moshi, miguu ya wageni ndio kazi yangu kuliko hata mlima wenyewe. Watu wanafikiri mgeni anashindwa kwa sababu ya hewa, ni kweli wengi, lakini anayelia ni yule anayeshuka na malengelenge. Siku ya kilele kwa njia ya Machame au Lemosho mnatoka Barafu usiku, mita 4,673, mnafika Uhuru 5,895 halafu siku hiyo hiyo mnashuka mpaka kambi ya Mweka iliyo kwenye mita elfu tatu na ushee. Kupanda kisigino ndio kinasuguliwa. Kushuka ni vidole, vinagonga mbele ya kiatu kila hatua mpaka kucha zinakuwa nyeusi. Kwa hiyo kabla ya kushuka tunawasimamisha wote, kaza kamba upya, na kucha tunakuwa tumeshawaambia wakate fupi tangu hotelini.

Sasa nusu marathon ya Kili ni kitu hicho hicho kwa udogo wake. Mnaanza pale uwanja wa Ushirika, mnapanda kuelekea Mweka, mpando hauishi, halafu mnageuza na ni kushuka mpaka mjini. Mtu wa Dar amezoea tambarare ya Coco, anafurahia mteremko anaachia miguu, huko ndiko ngozi inakobaki. Tafuta mlima wa kufanyia mazoezi hata hapo Dar, panda vilima vya Goba au Makongo juu, upande na ushuke, uone raba inafanya nini.

Kununua raba nenda jioni, miguu ya jioni imevimba na miguu ya mbioni pia inavimba. Simama, usikae. Kati ya kidole chako kirefu kuliko vyote na mwisho wa kiatu paingie upana wa dole gumba la mkono. Nenda na soksi zile zile utakazokimbilia. Kuna watu mguu mmoja mkubwa kuliko mwingine (wengi wetu tuko hivyo), pimia ule mkubwa. Mtumba sio tatizo, mimi nimevaa mtumba wa Memorial miaka yote, tatizo la mtumba ni kwamba soli ya ndani imeshajichora mguu wa mwenyewe wa kwanza, itoe uweke nyingine mpya, na ingiza mkono ndani upapase nyuma ya kisigino, kile kitambaa kikiwa kimechanika plastiki imetokeza usinunue hata akupe bure.

Na kwa kisigino kinachopanda panda, angalia juu kabisa kwenye raba yako kuna tundu moja la ziada ambalo watu hawalitumii. Pitisha kamba humo upande huo huo ifanye kitanzi kidogo, fanya na upande wa pili, halafu kila kamba iingie kwenye kitanzi cha mwenzake, vuta kuelekea chini kisha ufunge kawaida. Kifundo kinashikwa, kisigino kinatulia, na vidole haviendi mbele kwenye mteremko.

Mwana_Bagamoyo

Raba raba raba, si akimbie peku tu yaishe? Abebe Bikila alishinda marathon ya Olimpiki Roma 1960 peku, saa 2 dakika 15.

GaidiWaMweka

@Mwana_Bagamoyo Bikila alikuwa amefanya mazoezi peku muda mrefu nyayo zake zilikuwa na sugu za kazi. Huyu mwenzetu ni wa kiyoyozi. Na huyo huyo Bikila 1964 Tokyo alivaa viatu na akashinda tena.

MamaJunior_Tanga

Samahanini naingilia uzi. Mama yangu ana sukari, daktari kamwambia atembee kila asubuhi na anatembea kweli, sasa nimemwona ana lengelenge pembeni ya kidole kidogo yeye anasema hata haliumi. Na yeye nimtoboe kama alivyoeleza nesi?

NesiWaZamu

Hapana mama, usimtoboe! Hilo la "haliumi" ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Sukari ikikaa muda mrefu inaua hisia za miguu, mtu anaweza kutembea na kijiwe ndani ya kiatu kutwa nzima asijue, na damu kufika huko miguuni inakuwa ya shida kwa hiyo kidonda kidogo hakifungi. Maelezo yangu ya sindano ni kwa mtu mzima wa afya. Mama funika pale kwa gozi safi bila kubana, asivae tena hicho kiatu, na kesho mpelekeni kliniki yake ya sukari wakamwone. Halafu kila jioni mtu mwenye macho mazuri pale nyumbani amkague miguu, chini na katikati ya vidole, na kabla ya kuvaa viatu wavipige chini na kupapasa ndani. Asiloweke miguu kwenye maji ya moto, wengi wanaungua hawajui. Kutembea asiache, ni dawa yake, ila akitibiwa kwanza.

MamaJunior_Tanga

Asante dada, asubuhi nampeleka.

Mtafiti_Uchwara

Niongeze kidogo kwa mleta uzi kuhusu kinga, haya mambo yameshapimwa. Kuna utafiti ulifanywa kwa wanafunzi wa jeshi West Point Marekani ukachapishwa 1998, walikuwa 667, wakapakwa miguuni dawa ya kuzuia jasho ile ya alumini, wengine wakapewa ya kuzugia. Kwa waliopaka angalau usiku 3 kabla ya kutembea kilomita 21, wenye dawa halisi waliopata malengelenge walikuwa asilimia 21, wa kuzugia asilimia 48. Tofauti kubwa. Ila asilimia 57 ya waliopaka dawa halisi ngozi iliwawasha, kwa hiyo mtu mwenye ngozi laini afikirie mara mbili, na usijaribu usiku wa kuamkia mbio.

Nyingine ni plasta ya karatasi, ile nyeupe nyepesi wanayoshikia gozi hospitali. Wakimbiaji 128 wa mbio ndefu za kilomita 250 walibandikwa sehemu za mguu kabla ya kuanza, nyingine zikaachwa hivi hivi kwenye mguu huo huo ili kulinganisha. Sehemu zilizobandikwa malengelenge yalipungua kwa asilimia 40. Na ni bei ya chini kabisa famasi. Mtu anaacha hiyo anatafuta geli za kutoka Dubai.

NesiWaZamu

Hiyo plasta ya karatasi nzuri kwa sababu haina gundi kali, hata lengelenge likitokea chini yake ukibandua haiondoki na ngozi. Bandika mguu ukiwa mkavu kabisa, laini isiwe na mikunjo, mkunjo mmoja tu ndio lengelenge jipya. Kata zile pembe ziwe za mviringo hazitajikunja ndani ya soksi.

Chepto_254

Salamu kutoka Eldoret. Huku kwetu shida si jasho sana, ni vumbi. Barabara za Iten ni murram, ule mchanga mwekundu unaingia kwa kiatu na ukikaa kati ya soksi na ngozi unakukwaruza polepole hadi unafika nyumbani ukiwa na damu. Hakuna siri, ukisikia kitu ndani ya kiatu simama utoe. Watu wanaogopa kusimama ati saa inakimbia, sasa unaokoa dakika moja halafu unakaa nyumbani wiki. Na hiyo joto unayosikia kwanza, ile ya kabla lengelenge litoke, hapo ndipo unafaa kubandika plasta, si ukishafika nyumbani. Mimi hubeba kipande kimezungushwa kwa kiberiti mfukoni.

Pia viatu vipya usivivae siku ya mbio jameni. Kila mwaka kuna mtu.

KuruTuWaZamani

Chepto umenena. Na soksi mpya pia zifuliwe kwanza.

MtuWaMbezi

Wakuu nyie ni hazina, haya ni madini. Nimetoka jana jioni nimezunguka, nimepata raba namba moja juu ya ile ya zamani, dole gumba linaingia mbele, kisigino hakichezi hata nikiruka. Muuzaji ameniona mwehu napapasa ndani ya kila kiatu. Soksi nimepata za poliesta za mchezo, na zile za naironi za kuvaa ndani. Kile kitanzi cha kamba kimenichukua muda mpaka mwanangu ndio kanifundisha.

Maswali ya mwisho mwisho. Kisigino bado kibichi, naruhusiwa kurudi barabarani lini? Na mafuta ya mgando na plasta vinaenda pamoja au nachagua kimoja?

NesiWaZamu

Kisigino kisipouma ukikibonyeza na ngozi mpya ya waridi ikiwa imefunga, rudi, anza na kilomita chache na uifunike. Kama bado kinachuruzika majimaji, subiri. Kwa sasa piga baiskeli au ogelea kidonda kikishafunga, pumzi haitapotea kwa wiki moja.

Mafuta na plasta havikai mahali pamoja, plasta haishiki kwenye mafuta. Bandika plasta kisigino na chini ya kidole, mafuta paka kati ya vidole na pembeni. Jua tu mafuta yanafanya kazi saa ya kwanza hivi, yakishanyonywa na soksi basi, na vumbi linayapenda.

MtuWaMbezi

Mafuta vidoleni, plasta kisigino, nimeshika. Na yule jamaa wa mafuta ya taa nimemtumia huu uzi, kasoma na kajibu "ila ya kwangu yalipona" 😂

GaidiWaMweka

Wala usibishane naye. Ukifika Moshi Ijumaa usiende kutembea Marangu na Materuni kutwa nzima kama wafanyavyo watu wa Dar halafu Jumapili mnakimbia na miguu imeshachoka. Siku yenyewe, kule juu Mweka kabla ya kugeuza, simama pembeni ya barabara kaza kamba zako. Watakupita watu wachache, utawakuta chini wanachechemea.

Kidevu

Na mimi nimejiandikisha ile ya kilomita 5. Dada nesi hiyo nayo inahitaji plasta?

NesiWaZamu

Inategemea na soksi. Za kwako nina wasiwasi nazo.